Mawe ya Msingi ya Daraja la Ruvunde

Mnaopenda historia, sogeeni karibu. Msioipenda kaeni hapo hapo mlipo, itawafuata yenyewe.

Nchi ya Mbeleni ilikuwa na daraja zuri kuliko madaraja yote ya majirani zake. Lilikuwa na taa pande zote mbili, njia ya magari, njia ya baiskeli, na njia ya waenda kwa miguu wenye mawazo. Picha yake ilikuwa kwenye stempu, kwenye kalenda za serikali, na kwenye majalada ya madaftari ya shule. Watoto waliukariri urefu wake, na aliyeukosea alichapwa. Palikuwa na Idara ya Kupaka Rangi Daraja, yenye mkurugenzi, naibu mkurugenzi, na rangi. Lilikuwa na upungufu mmoja tu, ambao watu waungwana hawakuutaja mbele ya wageni: daraja lenyewe lilikuwa halijajengwa.

Msidhani ulikuwa uvivu. Watu wa Mbeleni ni wachapakazi, hasa kwa kazi ya kuanza. Kilichowachelewesha ni adabu. Kwa desturi yao hakuna kinachojengwa pasipo jiwe la msingi, na jiwe la msingi huwekwa na waziri, jina lake likachongwa juu yake kwa herufi za dhahabu. Waziri huyo akiondolewa, na huko mawaziri hawakai, ajaye hawezi kujenga juu ya jiwe la mwenzake. Kufanya hivyo ni sawa na kumposa mjane kabla matanga hayajaisha. Basi naye huweka lake. Na kwa kuwa vyeo vya Mbeleni ni virefu, jiwe la kumbeba Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi wa Heshima halipungui ukubwa wa kitanda cha watu wawili.

Msimamizi wa mawe hayo alikuwa Bwana Shekuwe, Afisa Itifaki wa Kitengo cha Mawe ya Msingi. Alikuwa mwembamba, msafi, na sauti yake ilikuwa nene kuliko mwili wake. Ndiye aliyejua pazia la jiwe lifunguliwe kwa mkono upi, kwaya isimame wapi, na makofi yaanze lini. Wakubwa walimpenda. Naye, kama mtakavyoona, alikuwa na sababu ya kutojipenda.

Shekuwe alikuwa mzaliwa wa Ng'ambo, upande wa pili wa mto Ruvunde. Huko aliishi dada yake mkubwa, Nakijwa, pamoja na binti wa huyo dada, aitwaye Namsifu. Hospitali, soko na ofisi vyote vilikuwa upande wa huku. Ng'ambo walikuwa na mihogo na mandhari.

*

Zamani za giza, kabla ya maendeleo, watu wa Ng'ambo walivuka kwa pantoni. Lilikuwa dude la mbao na mapipa, likivutwa kwa kamba na abiria wenyewe huku wakiimba na kutukanana. Halikuwa la kupendeza, lakini lilifika.

Siku ya kuweka jiwe la kwanza, Shekuwe alikuwa bado kijana, mwenye njaa ya cheo. Alikodi vipaza sauti vikubwa akavielekeza Ng'ambo, kwa sababu makofi ya upande wa huku yalikuwa ya watumishi, waliopiga kwa kuogopa kazi zao, na ya Ng'ambo ndiyo yaliyohesabiwa kuwa ya wananchi. Waziri wa Madaraja na Matumaini alisimama akatoa hotuba.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Maji haya yametutenganisha tangu enzi za mababu. Kuanzia leo, yakitaka kupita, yatatuomba ruhusa!"

Ng'ambo walipiga makofi kama mvua juu ya bati. Wapiga picha wakajongea, kisha wakaanza kunung'unika, kwani nyuma ya Waziri, katikati kabisa ya picha, lilionekana lile pantoni limejaa kuku na baiskeli. Hakuna aliyemwuliza Shekuwe. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye, kwamba hakuna aliyemwuliza. Alipanda jukwaani mwenyewe, akainama mbele ya kipaza sauti, karibu na sikio la Waziri.

"Mheshimiwa, lile pantoni linaharibu picha," alisema kwa sauti ya chini. "Nchi yenye daraja ina haja gani na pantoni? Liondolewe tu."

Waziri alitazama nyuma, akamtazama Shekuwe. "Kijana, wewe utafika mbali."

Ng'ambo makofi yalikatika ghafla. Shekuwe alidhani upepo umegeuka.

Pantoni lilipelekwa mji mkuu, likawekwa Makumbusho ya Taifa juu ya zulia, na kibao kikaandikwa: *Chombo walichovukia wazee wetu kabla ya daraja.* Wanafunzi hupelekwa kulishangaa. Tangu siku hiyo, mtu wa Ng'ambo aliyetaka kufika hospitali ilimbidi azunguke kwa njia ya milimani, safari ya kulala njiani. Shekuwe alipandishwa cheo, akapewa kiti kinachozunguka.

*

Mawaziri walikuja wakaenda, na kila mmoja na jiwe lake. Kila sherehe Shekuwe aliwauliza wa upande wa pili kwa kipaza sauti, "Watu wa Ng'ambo, mpo?" Ng'ambo walinyamaza kidogo, ndipo wakapiga makofi. Mawaziri walishangaa kwa nini yanachelewa. Shekuwe aliwaeleza kuwa ni umbali: hata sauti inahitaji daraja. Maelezo hayo yaliwafurahisha sana.

Ikafika siku ya jiwe mojawapo, sikumbuki la waziri gani, maana yeye mwenyewe hakukaa muda wa kukumbukwa. Katikati ya hotuba, wanawake wa Ng'ambo walitoka mbio hadi ukingoni, wakavua kanga zao za kichwani, wakazipunga juu huku wakipiga kelele ambazo kwaya ilizimeza.

"Wananiambia nini?" aliuliza Waziri.

"Wanakupungia, Mheshimiwa," alijibu Shekuwe. "Wana furaha."

Mheshimiwa naye akawapungia. Ilikuwa picha nzuri mno. Ilikuzwa, ikatundikwa uwanja wa ndege juu ya maneno *Wananchi wakifurahia daraja lao*.

Jioni ile Nakijwa alipiga simu.

"Shekuwe, mlituona?"

"Tuliwaona, dada. Mmetutia moyo kweli. Mheshimiwa amefurahi."

Nakijwa akasema polepole, "Namsifu alishikwa na uchungu tangu alfajiri. Mtoto amekaa vibaya. Tulimleta kwa kitanda mpaka pale lilipokuwa linafika pantoni. Tulikuwa tunaomba msaada, mdogo wangu. Mtoto amefia pale ukingoni."

"Na Namsifu?"

"Yupo. Anapumua."

Shekuwe alishika ile simu muda mrefu baada ya kukatika. Nasema waziwazi, kwa kuwa yeye hakusema: alijiona muuaji. Si kwa kutoelewa kanga zile. Mtu aweza kukosea kwa macho. Ni kwa lile pantoni. Alilitoa yeye, kwa sentensi tatu fupi, ili picha ipendeze.

Kuanzia hapo hakuweza tena kuipita kanga iliyoanikwa kambani bila kutoka jasho. Alituma sukari Ng'ambo, alituma blanketi, alituma redio. Kila alipopiga simu alikusudia kusema, na kila mara neno lilimkwama kama mfupa wa samaki.

"Dada, lile pantoni..." alianza siku moja.

"Ndiyo?"

"Lilikuwa... lilikuwa zuri."

"Lilikuwa zuri," aliitikia Nakijwa. Akangoja. Alipoona hakuna lingine linalokuja, akamwambia awasalimie wa huko, akakata simu.

*

Ndipo akateuliwa Mheshimiwa Nyangusi. Huyu alikuwa mtu wa vitendo. Alitembea ametunisha kifua, na alizungumza kama mtu anayejisomea hotuba yake mwenyewe.

"Mawe yametosha!" aliwaambia maofisa wake. "Wenzangu wameanza, wameanza, wameanza. Mimi sianzi. Mimi nafungua."

"Unafungua daraja, Mheshimiwa?" aliuliza Shekuwe.

"Utepe. Daraja litajua lenyewe."

Maofisa walipiga makofi wakiwa wamekaa, kisha, kwa kuhofia ofisa mmoja aliyesimama, wakasimama wote. Polisi wa usalama barabarani walipangiwa zamu za kuongoza magari darajani. Idara ya Kupaka Rangi iliomba rangi mpya, kwa maelezo kwamba ya zamani imepauka.

Shekuwe alitangulia mtoni kupanga viti. Alikuwa ameinama akinyoosha zulia alipoona nyayo mbili zenye maji zikisimama juu yake. Aliinua macho. Alikuwa Nakijwa, amekunja kanga magotini.

"Dada! Shikamoo. Umefikaje huku?"

"Marahaba. Nimevuka."

"Umevukia nini?"

"Nimewakanyaga mawaziri," alisema Nakijwa, akikamua upindo wa kanga. "Mmoja baada ya mwingine. Yule wa kwanza ana utelezi."

Kumbe kila mara wageni rasmi walipokimbilia pilau, hakuna aliyegeuka kulitazama jiwe lililobaki. Watu wa pande zote mbili walilivingirisha mchana kweupe, wakalilaza mtoni, pale pale pantoni lilipopita. Shekuwe alikuwa ameona mawe yanapotea, akashukuru, maana waziri mpya hapendi kukuta jina la wa zamani. Sasa alitazama akayaona yamejipanga majini, herufi za dhahabu zikitazama juu: Mheshimiwa, Mheshimiwa, Mheshimiwa, hadi karibu na Ng'ambo.

"Ninyi mmejenga daraja," alisema Shekuwe.

"Hatujajenga. Pale katikati kwenye mkondo pana pengo. Mimi nimeruka na magoti yangu haya, nikamwachia Mungu. Namsifu hawezi kuruka." Nakijwa alimtazama usoni. "Ana mimba tena, Shekuwe. Imekaribia. Njia ya milimani hataimaliza. Limebaki jiwe moja tu, tunangoja hili la keshokutwa. Litakuwa kubwa?"

Shekuwe alitazama zulia lake. Aliwaza kumwambia kuwa keshokutwa hakuna jiwe. Aliwaza kumwambia na lile jingine.

"Litakuwa kubwa," alisema. Hivyo ndivyo waoga wanavyoahidi, kwa haraka.

*

Mchana huo Mheshimiwa Nyangusi alikuja kukagua. Alisimama ukingoni, mikono nyuma, akautazama mto kama mtu anayetaka kuuhamisha kituo cha kazi.

"Vile vimawe kule majini ni vya nini?"

"Ni... mabaki ya kihistoria, Mheshimiwa."

"Vinaharibu picha. Viondolewe."

Shekuwe aliyasikia maneno yale yakimwingia. Yalikuwa yake. Aliyatengeneza mwenyewe miaka ile, akayaachia yaende zake serikalini, na sasa yamerudi yamenenepa. Alitazama Ng'ambo. Nakijwa alikuwa amesharudi, na kando yake amekaa mwanamke juu ya kigoda, mikono juu ya tumbo. Kutoka mbali hakuweza kuuona uso wake, na alishukuru.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba ruhusa ya kusema la itifaki."

"Sema."

"Wenzako wote wana jiwe. Wewe utakuwa na utepe. Utepe huoza."

Nyangusi aligeuka polepole. "Huoza?"

"Masika moja tu, Mheshimiwa. Wajukuu watakuja hapa, watasoma majina ya waliokutangulia, waulize: na huyu Nyangusi aliyefungua alikuwa nani? Hakuna atakayejua."

Mtu anaweza kumtisha waziri kwa mahakama asitikisike. Mtishe kwa wajukuu.

"Hao wenzangu waliweka wapi yao?"

"Kandokando, Mheshimiwa. Huku na kule. Katikati ya mkondo hakuna aliyethubutu."

"Waoga!" Uso wake uling'aa. "Siku zote nimesema, kiongozi hukaa katikati ya mambo. Niletee jiwe. Kubwa kuliko yote. Nami nalipigilia pale!" Alionyesha kwa kidole, na kidole kikaenda pale pale penye pengo, baada ya Shekuwe kumsogeza kiwiko kidogo kwa heshima.

"Na vile vimawe vingine?"

"Vibaki, Mheshimiwa, ili watu waone vilivyo vidogo."

"Shekuwe, wewe umefika mbali."

Maofisa walicheka na Shekuwe akacheka nao, lakini hakujiona msafi. Kwa mdomo ule ule, kwa kuinamia sikio la mkubwa vile vile, aliliondoa pantoni, na sasa ameliweka jiwe. Mdomo haukuwa umejifunza lolote jipya. Ulikuwa umebahatika tu.

*

Siku ya uzinduzi ilikuwa kama harusi ya mtoto wa jumbe. Polisi wa barabarani walisimamisha magari yasiyokuwepo. Kwaya iliimba wimbo wa kuusifu urefu wa daraja, na wanafunzi wakausahihisha. Utepe ulikatwa kati ya nguzo mbili zilizosimama peke yao kwenye majani. Kisha kreni ikalishusha jiwe la Mheshimiwa Nyangusi katikati ya mkondo, taratibu, likakaa, likayagawanya maji kulia na kushoto. Lilikuwa kubwa kwelikweli. Vyeo vyake vilizunguka kingo zote nne.

"Ndugu wananchi!" alisema Mheshimiwa. "Wengine walijenga kwa mawe. Mimi nimejenga kwa maono!"

Shekuwe alichukua kipaza sauti cha mkononi, kile kisicho na waya. "Watu wa Ng'ambo, mpo?"

Wakanyamaza kidogo, kama kawaida yao. Kisha wakapiga makofi, wakapiga na vigelegele, na mwaka huu vilikuwa vya kweli. Mheshimiwa alifuta machozi, akatangaza pilau, na ukingo wote ukabaki viti vitupu.

Shekuwe alitia kipaza sauti mfukoni mwa koti akaenda juu ya mawe kulitoa pazia lililobaki kwenye jiwe jipya. Alikuwa bado analifungua alipowaona wanakuja kutoka Ng'ambo. Namsifu alikuwa mbele, akisimama kila jiwe kuvuta pumzi, wanawake wawili wamemshika, na mama yake nyuma akiwa na kifurushi cha nguo za mtoto. Maumivu yalikuwa yameanza. Nyuma yao, ukingoni, Ng'ambo nzima ilikuwa imesimama inatazama.

"Shikamoo, mjomba," alisema Namsifu alipolifikia pengo lisilokuwa pengo tena.

Katika maneno yote aliyoyasikia kwenye sherehe zote, hakuna lililomwelemea kama hiyo shikamoo. "Marahaba, mwanangu."

"Nipe mkono. Jiwe lako linateleza."

Alimpa mkono. Ulikuwa na joto na ulimbana sana, kwa uchungu, si kwa mapenzi, naye alitamani umbane zaidi. Akampitisha. Wale wanawake wakaendelea naye, waziri hadi waziri, hadi nchi kavu, na gari la Idara ya Kupaka Rangi, lililokuwa limeegeshwa pale kwa maonyesho, likaombwa likampeleka hospitali. Ndiyo safari pekee ya kikazi ambayo idara ile iliwahi kuifanya.

Nakijwa alikuwa amekabidhi kile kifurushi. Alibaki amesimama juu ya jiwe la Nyangusi, anahema, mkono kiunoni. Shekuwe alijua asiposema hapo hatasema tena.

"Dada, lile pantoni..."

"Ndiyo?"

"Mimi ndiye..." Mfupa ule ukakwama pale pale.

Nakijwa akamwonea huruma. "Kipaza sauti kilikuwa wazi, Shekuwe."

"Kipi?"

"Cha siku ile. Ulivielekeza vyote kwetu, baba, vikubwa vile. Tulikusikia wote. *Linaharibu picha, liondolewe tu.* Mpaka watoto waliyasikia."

Maji yalipita chini yao. Shekuwe alikumbuka makofi yaliyokatika ghafla, na upepo ambao haukuwa umegeuka.

"Namsifu naye?"

"Namsifu alikuwa amesimama hapa ubavuni kwangu."

"Na mkaendelea kunipigia makofi? Miaka yote hii? Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambia nini usichokijua? Wewe ni mtoto wetu. Tulisema, atakuja aseme mwenyewe." Nakijwa alikunja upya kanga yake magotini, tayari kumfuata mwanawe. "Kila ukituuliza mpo, tulikuwa tunanyamaza kwanza. Tulikuwa tunakupa nafasi."

Akashuka kwenye jiwe lililofuata, akaenda zake kwa hadhari, akimruka yule wa kwanza mwenye utelezi.

Shekuwe alibaki katikati ya mto, pazia begani. Huku walikuwa wanakula pilau. Kule, Ng'ambo nzima ilikuwa bado imesimama ukingoni, wazee kwa watoto, na hakuna aliyesema neno. Alitia mkono mfukoni akakitoa kipaza sauti. Kitaa chake kidogo cha kijani kilikuwa kinawaka.

Akakileta mdomoni. Safari hii alijua kuwa kiko wazi.